Satchel Paige: mukono uliongojea miaka 22

Sisi huku tukisema mupira, kila mutu anafikiri mupira wa miguu. Leo tunawapeleka Marekani, ku mchezo wa bezboli. Kule mutu mumoja, mwenye kurusha mupira, anaweza kuamua mechi nzima. Anamutupia mupira mupigaji wa ekipi ingine, anayesimama na fimbo mukononi. Kama wapigaji hawaugongi vizuri, ekipi yao haipati kitu. Na mukubwa wa warushaji wa zamani alikuwa Leroy Paige.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 ku Mobile, katika jimbo la Alabama, katika familia maskini ya watoto mingi. Akiwa mutoto alibebea wasafiri mizigo ku stasion ya treni. Njo pale jina Satchel lilitokea, maana yake mufuko. Alipofika miaka 12 walimushika juu ya wizi mudogo, wakamupeleka ku Mount Meigs, nyumba ya kurudisha watoto katika njia nzuri. Kule, katika kifungo, njo alijifunza kurusha mupira vizuri.

Mwaka wa 1926 alianza kulipwa feza juu ya mchezo. Lakini alikuwa mutu mweusi. Ekipi kubwa za Marekani zilikuwa za wazungu peke yao. Weusi walikuwa na mashindano yao, na feza kidogo. Paige alichezea Pittsburgh, kisha Kansas City, akazunguka inchi nzima, leo hapa, kesho kule. Wakati wa baridi aliendelea kucheza ku visiwa vya Karibiani. Hata wazungu waliocheza naye mechi za kirafiki walikubali ya kama mukono wake ni wa ajabu. Mulango ukabaki vile vile, umefungwa.

Mwaka wa 1947 Jackie Robinson akaufungua. Paige alikuwa amekwisha kuitwa muzee. Lakini Julai 1948, siku ile ile alipotimiza miaka 42, Cleveland ikamupa kazi. Wamoja waliandika ya kama ni mchezo wa kuita watu tu, wanunue tiketi.

Siku ya tarehe 20 Agosti 1948, usiku, watu 78.382 walijaza uwanja wa Cleveland. Ekipi ya kushindana nayo ilikuwa White Sox ya Chicago. Paige alirusha zamu zote 9, mwanzo mpaka mwisho. Alirusha mbio, alirusha polepole, alibadilisha mwendo wa mukono, wapigaji wakapotea. Chicago walipata kugonga vizuri mara 3 tu, na hawakupata hata pointi moja. Cleveland 1, Chicago 0. Ni matokeo yenye sisi watu wa mupira wa miguu tunayaelewa vizuri sana!

Na ile pointi moja haikuwa kitu kidogo. Mwisho wa mashindano, Cleveland na Boston walikuwa sawasawa: ushindi 96 kila ekipi. Walicheza mechi moja ya kuwatenganisha, Cleveland ikashinda, kisha ikabeba kombe. Kama ile usiku muzee angeshindwa, ile mechi ya mwisho isingekuwako, na Boston wangepita.

Mwaka wa 1965, na miaka 59, alirudi tena uwanjani kurusha zamu 3, bila kutoa pointi. Mwaka wa 1971 jina lake likaingizwa katika nyumba ya heshima ya bezboli. Alikufa tarehe 8 Juni 1982, ku Kansas City.

Tunamusifu, ni kweli. Lakini tusisahau hesabu ingine. Toka 1926 mpaka 1948 ni miaka 22, miaka ya nguvu yake yote. Wale watu 78.382 walipigia makofi mukono wa mutu wa miaka 42. Ule wa miaka 25, ekipi kubwa ziliukataa, na hakuna kombe la kuurudisha.