Adolphe Kégresse

Adolphe Kégresse (20 Juni 1879 – 1943) alikuwa mhandisi kutoka Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kubuni mkanda wa mpira unaochukua nafasi ya magurudumu ya nyuma ili gari lipite kwenye theluji, mchanga na matope.

Maisha

Alizaliwa Héricourt, mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 1905 alihamia Urusi, akawa mkuu wa mafundi katika gereji ya Tsar Nikolai II.

Tatizo la theluji

Wakati wa baridi kali magari ya Tsar yalikwama mara kwa mara. Matairi ya zama hizo yalikuwa membamba. Njia moja iliyojulikana ilikuwa kuyafunga minyororo. Mmarekani Harry Weed alipewa hataza ya minyororo ya aina hiyo mwaka 1904. Minyororo hushika vizuri juu ya barafu na theluji iliyoshindiliwa, lakini haiondoi tatizo la uzito: gari zima bado linasimama juu ya sehemu ndogo nne za tairi. Katika theluji laini yenye kina, tairi lenye minyororo huweza kuchimba shimo na kuzama zaidi.

Kégresse aliamua kutawanya uzito huo. Nyuma ya gari aliweka mikanda mipana inayonyumbulika, na mbele akaongeza mbao za kutelezea juu ya theluji. Mikanda yake ilikuwa myepesi kuliko minyororo ya chuma ya matrekta. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mfumo huo ulifungwa pia kwenye magari ya deraya ya jeshi la Urusi.

Kurudi Ufaransa

Baada ya Mapinduzi ya 1917 Kégresse aliondoka Urusi. Kazi yake ilibaki huko: Lenin alitumia wakati wa baridi gari la Rolls-Royce lenye mikanda hiyo.

Ufaransa alishirikiana na Jacques Hinstin, kisha na kampuni ya André Citroën. Uvumbuzi uliotokana na theluji sasa ulijaribiwa jangwani. Magari matano yaliondoka Touggourt, Algeria, Desemba 1922 yakafika Timbuktu Januari 1923, yakiwa ya kwanza kuvuka Sahara.

Msafara mkubwa zaidi ulianza Oktoba 1924 ukiwa na magari manane, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Ulipitia Kongo hadi Kampala, ukagawanyika katika makundi manne yaliyoelekea Mombasa, Dar es Salaam, Msumbiji na Cape Town. Ulimalizika Madagaska mwaka 1925.

Miaka ya mwisho na urithi

Katika miaka ya 1930 Kégresse alibuni gia yenye klachi mbili, iliyojaribiwa kwenye gari la Citroën. Alifariki mwaka 1943, wakati Ufaransa ikikaliwa na Ujerumani.

Jeshi la Marekani lilinunua magari ya mfumo wake na kuuendeleza katika magari yake ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita, magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote, yenye matairi mapana na meno marefu, yalichukua nafasi yake kwa kuwa ni mepesi kutunza na yana kasi zaidi barabarani. Hata hivyo mikanda ya mpira ingali inatumika kwenye pikipiki za theluji na baadhi ya matrekta, na klachi mbili zimo katika magari mengi ya siku hizi.