Profesa Hubert Kairuki: Alitangulia Kujenga Hospitali, Chuo Kikuu Kikafuata

Profesa Hubert Kairuki, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alianzisha hospitali Mikocheni, jirani na Kawe wilayani Kinondoni, mwaka 1987. Wakati huo sheria ya mwaka 1977 ilikuwa bado inazuia tiba binafsi ya kibiashara, katazo lililoondolewa mwaka 1991.

Mwaka 1997, wodi zikiwa zimekwishahudumia wagonjwa kwa miaka 10, alianzisha chuo kikuu cha tiba. Mpangilio huo una uzito katika elimu ya udaktari. Mwanafunzi anayefundishwa wodini huanza na tatizo la mgonjwa: mama mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu, au mtoto mwenye homa isiyoshuka. Humsikiliza, humpima na kuorodhesha magonjwa yanayowezekana, kisha hurejea vitabuni kutafuta asichokijua, huku mwalimu akimwongoza kwa maswali.

Profesa Kairuki alifariki dunia Februari 1999, kabla wanafunzi wa kwanza hawajamaliza shahada ya udaktari inayochukua miaka 5. Chuo hicho kilipewa jina lake, na hadi leo kinaendelea kuandaa madaktari wa Taifa.