Ibn Sina, taa ya usiku na vijana wetu wa Thika

Mpwa wangu anafanya kazi katika kiwanda kimoja Eneo la Viwanda la Thika. Aliondoka Kisauni miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo karibu kila juma huwa ni zamu ya usiku. Huingia saa kumi na mbili jioni, hutoka saa kumi na mbili asubuhi, jua likianza kuchomoza.

Mwezi uliopita nilimtembelea chumbani kwake Makongeni. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye ameketi kitandani macho mekundu, mabati yanawaka joto na redio ya jirani inanguruma. Akanieleza kuwa siku chache kabla alisinzia mbele ya mashine, na lau si mwenzake kumvuta, angepoteza mkono. Tena siku hizi husahau hata majina ya watu anaofanya kazi nao. Amesikia kwamba vidonge vya melatonini hulinda ubongo, akanitaka rai: anunue au asinunue?

Mimi si tabibu, na diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini safari nzima ya kurudi Mombasa nilikuwa nikimfikiria mtu ambaye jina lake tulilisikia tangu tukiwa chuoni kwa maalim: Abu Ali al-Husein bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Sina.

Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Alipofika miaka 10 alikuwa ameshahifadhi Qurani. Hesabu za Kihindi alifunzwa na muuza mboga. Kwenye miaka 16 waganga wazima walikuwa wakija kusoma kwake. Hakuwa bado na miaka 20 alipoitwa kumtibu amiri Nuh bin Mansur, na kwa sababu hiyo akaruhusiwa kuingia katika maktaba ya watawala wa Bukhara. Kwa kijana yule, hiyo ilikuwa tunu kuliko dhahabu.

Elimu yote hiyo aliipata kwa kukesha. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba usiku aliweka taa mbele yake, akasoma na kuandika. Usingizi ukimzidi, alikunywa kitu cha kumrudishia nguvu, kisha akaendelea. Suala likimshinda, alikwenda msikitini akasali na kuomba afunguliwe. Na anasema pia kwamba akipitiwa na usingizi, masuala yale yale yalimfuata ndotoni, na mengi yalimfumbukia akiwa amelala. Hapo mimi husimama kidogo. Usingizi aliokuwa akipigana nao ndio uliokuwa ukimsaidia.

Alipokuwa mtu mzima maisha hayakumpa nafasi ya kupumzika. Huko Hamadan alikuwa waziri wa Shams al-Dawla. Mchana ulikwenda kwa mambo ya dola, na usiku wanafunzi walikusanyika kwake kusoma. Mwanafunzi wake al-Juzjani, ambaye ndiye aliyetuhifadhia habari nyingi za maisha yake, alikuwa miongoni mwao. Baadaye alifungwa ngomeni yapata miezi minne, na humo pia hakuweka kalamu chini. Mwishowe alitoroka kwenda Isfahan akiwa amevaa nguo za masufi.

Kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Qanun, alikimaliza karibu mwaka 1025. Kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomeshwa Ulaya kwa karne nyingi. Humo usingizi na kuwa macho vimehesabiwa pamoja na hewa na chakula katika mambo yanayoshikilia afya. Alifundisha kwamba kukesha kupita kiasi hukausha ubongo na kuudhoofisha. Usingizi wa mchana hakuusifu, ila alisema aliyekwisha kuuzoea asiukate ghafla.

Yeye mwenyewe hakuyafuata. Marafiki walimsihi apunguze mbio, naye akachagua maisha mafupi yaliyojaa. Aliugua tumbo, akajitibu kwa pupa, na akafariki Hamadan katika Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037, kabla ya kutimiza miaka 60. Sisemi kukesha ndiko kulikomuua. Nasema kwamba aliyeijua haki ya mwili wake hakuitimiza.

Zaidi ya miaka 900 baadaye, mwaka 1958, Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, pamoja na wenzake, waliitoa melatonini katika tezi ndogo za ubongo wa ng'ombe. Lerner alikuwa daktari wa ngozi, akitafuta dawa ya mbalanga. Kwa binadamu tezi hiyo ni ndogo kama punje ya mchele. Giza likiingia huanza kumwaga melatonini katika damu, na mwanga ukiingia machoni huacha. Katika maabara imeonekana kwamba melatonini huzima kemikali zinazokula chembe za ubongo kama kutu ilavyo chuma, na imepunguza madhara kwa panya waliokatiwa damu ya ubongo. Kadiri mtu anavyozeeka hupungua, na kwa wenye maradhi ya kusahau ya Alzheimer huwa chini zaidi.

Hata hivyo, kwa binadamu haijathibitika kwamba kidonge chake huzuia ubongo kuharibika. Kwa hivyo nilimwambia mpwa wangu asikimbilie dukani. Kwanza amwone daktari na amweleze huko kusahau. Pili, arudi nyumbani kichwa amekifunika, macho yasipigwe na jua. Tatu, akishasali Alfajiri alale gizani, simu iwe mbali. Giza halina bei.

Lakini hayo pekee hayatoshi. Ibn Sina aliiwasha taa yake kwa hiari. Vijana wa Thika na Ruiru wanakesha kwa sababu ya kodi ya nyumba na karo za wadogo zao. Nguo tunazovaa na mafuta tunayokaangia viazi karai hutoka katika viwanda kama hivyo. Wenye viwanda wanaweza kuacha kugeuza zamu kila juma, na kumpa mfanyakazi nafasi ya kupumzika katikati ya usiku. Qurani imeufananisha usiku na vazi. Anayemvua mwenziwe vazi hilo ajue ana deni naye.

Nilipofika Mombasa nilinunua kaniki mbili Biashara Street, nikamtumia azitundike dirishani. Jana alinipigia simu. Daktari amempangia siku ya kumwona, na kwa mara ya kwanza tangu Idi alilala mpaka adhana ya Adhuhuri.