Priya Ramrakha, Mnairobi na kamera yake
Jamani, kila Jumamosi nazunguka Saint Louis Park na kamera, napiga theluji, watoto, hata mabasi. Wenzangu wanacheka eti napoteza muda. Mimi namkumbuka Priya Ramrakha. Alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akaanza kupiga picha za gazeti la jamaa zake, Colonial Times, halafu akaja Marekani kusoma, kama sisi. Huko Los Angeles ndiko alikosomea fani yake. Alimpiga picha Martin Luther King, akarudi nyumbani kuupokea uhuru. Tarehe 2 Oktoba 1968 aliuawa kwa risasi katika vita vya Biafra. Negativu zake zilikaa miaka na miaka kwenye gereji moja Nairobi mpaka zilipopatikana. Basi mimi zangu nimeziandika majina na tarehe. Zako je, ziko wapi?