Louis Pillemer: Jamaa aliyekuwa sawa, ila hakuishi kuambiwa

Huenda jina Louis Pillemer halijawahi kupita kwenye simu yako. Lakini kwa wanaochunguza magonjwa ya damu na figo, huyu jamaa ni kigogo. Na stori yake inauma.

Alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka wa 1908. Familia ikahamia Marekani angali mdogo. Alisoma Chuo Kikuu cha Duke, akaanza udaktari, kisha katika mwaka wa tatu mawazo yakamlemea, akaacha. Ungedhani safari imeishia hapo. Wapi! Alijipanga upya, akaingia Western Reserve kule Cleveland, na 1938 akapata shahada ya uzamifu. Akabaki hapo hapo kama mtafiti. Yeye na wenzake walisafisha sumu za viini vya pepopunda na dondakoo, kazi ambayo wengi wangeridhika nayo maisha yote.

Yeye hakuridhika. Alikuwa anaisaka komplementi.

Komplementi ni kundi la protini zinazozunguka kwenye damu, kazi yake kutoboa na kuua viini. Ifikirie kama soja wa geti. Wakati huo wanasayansi waliamini kwamba soja huyu hafanyi kitu hadi kingamwili zimwonyeshe adui. Bila hiyo amri, anakaa tu.

Pillemer aliona kitu tofauti. Alichukua maji ya damu, akatia zimosani, yaani maganda ya chembe za hamira. Protini ya komplementi iitwayo C3 ikatumika, ilhali zile zinazotangulia kwenye njia ya kingamwili zilibaki karibu zote. Maana yake soja alikuwa amepiga kipenga mwenyewe! Mwaka wa 1954, Pillemer na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba kuna protini nyingine inayowezesha jambo hilo. Wakaiita properdini.

Magazeti yakachangamka, jina likavuma. Mwaka wa 1956, yeye na wenzake wawili wakahusisha properdini na ugonjwa adimu ambao chembe nyekundu za damu hupasuka na mkojo wa asubuhi kuwa mweusi.

Halafu mambo yakageuka. Wakosoaji, akiwemo mtafiti Robert Nelson, walisema hakuna njia mpya: ni kingamwili chache tu zilizojificha kwenye maji ya damu, na properdini yenyewe haikuwa imesafishwa vya kutosha. Kusema ukweli, hoja yao ilikuwa na uzito. Kwa vifaa vya wakati ule, Pillemer hakuwa na jibu la kuwanyamazisha. Mwaka wa 1957, kabla hajafika miaka 50, alifariki kutokana na dawa za usingizi zilizozidi kipimo. Wengi wakaizika properdini pamoja naye.

Si wote. Irwin Lepow, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliendelea kukomaa. Mwaka wa 1968, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya properdini iliyosafishwa sawasawa, na ilikuwa wazi kwamba hiyo si kingamwili. Miaka ya sabini ilipofika, maabara nyingine zilikuwa zimeikubali ile njia. Leo inaitwa njia mbadala ya komplementi na wanafunzi wa udaktari huikuta kwenye mitihani.

Kwa nini ikuhusu? Kwa sababu soja anayejiamrisha anahitaji breki. Breki zikifeli, anaanza kumpiga mwenye nyumba. Kuna watu ambao komplementi huharibu mishipa midogo ya figo hadi figo zinakwama. Wengine, C3 hujaa kwenye vichujio vya figo. Zamani madaktari walikuwa na machache ya kufanya. Mwaka wa 2007 Marekani iliidhinisha ekulizumabu, dawa inayozuia komplementi, kwa ule ugonjwa wa mkojo mweusi. Mwisho wa 2023 ikaja iptakopani, kidonge kinachofunga hasa ile njia mbadala, ile ile ambayo Pillemer aliambiwa haipo.

Bei ya dawa hizi bado ni noma, na wagonjwa wengi duniani hawazifikii. Lakini zipo.

Jamaa alikuwa sawa. Alichokosa ni ushahidi uliohitaji miaka kumi zaidi, na hiyo miaka hakuipata. Kwa hivyo ukimwona msee wako amelemewa kwa sababu kazi yake inapondwa, usingoje historia imtetee. Mpigie simu leo.