Isaya Mukirane: mwalimu aliyekiacha kiti cha baraza

BWERA, Uganda – Mfanyabiashara anayevuka Mpondwe kwenda Beni au Butembo husikia lugha karibu ileile pande zote mbili za mto Lhubiriha. Upande wa Uganda wanaitwa Bakonzo, upande wa Kongo Banande. Mpaka wa wakoloni uliwagawa wakiwa ndugu. Isaya Mukirane alitoka kwa watu hao.

Alikuwa mwalimu. Katika miaka ya 1950 alitembea milima ya Rwenzori pamoja na Tom Stacey, mwandishi wa habari Mwingereza, wakikusanya historia ya Bakonzo. Kila kijiji kilikuwa na lalamiko lilelile: kodi inateremka kwenda Fort Portal, lakini shule, zahanati na vyeo havipandi mlimani. Wazee walimkumbuka pia Nyamutswa na wenzake wawili, walionyongwa mwaka 1921 kwa kuasi.

Alipoingia Rukurato, baraza la ufalme wa Toro, yeye na wajumbe wenzake, wakiwemo Yeremiya Kawamara na Peter Mupalya, walipeleka dai waliloagizwa: Bakonzo na Baamba watambuliwe katika mkataba wa Toro kuwa sawa na Batoro. Dai likakataliwa. Machi 1962 wakatoka barazani, wakaacha viti na heshima yake. Viongozi hao watatu walikamatwa na kushtakiwa kumtukana Omukama.

Mukirane alipopata dhamana alipanda mlimani. Juni 30, 1962, akatangaza Rwenzururu kuwa nchi huru, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Uganda.

Hapo njia zikaachana. Kawamara na wengine walitaka wilaya kwa mazungumzo. Mukirane alikataa, na baadaye akavaa taji la ufalme. Vita vilivyofuata viliua watu na kuchoma nyumba za pande zote, na gharama hiyo ni sehemu ya maisha yake.

Alifariki mwaka 1966, akiwa bado mlimani. Mwanawe Charles Mumbere, kijana mdogo, akarithi kiti. Wilaya ilipatikana mwaka 1974, silaha zikawekwa chini mwaka 1982, na serikali ikautambua ufalme mwaka 2009.

Bakonzo wengi wanabishana hadi leo kuhusu njia aliyoichagua. Lakini kuhusu baraza, wanakubaliana: alitumwa na ujumbe, akaufikisha, na hakukubali kubaki kitini ulipokataliwa.