Mama wa Nyeri aliyeambiwa kesi haimhusu

Sisi tunaosoma sheria hapa Lushoto, tukifika kwenye mada ya nani ana haki ya kufungua kesi, lazima Wangari Maathai atajwe. Mimi nilimjua kama mama wa miti tu, yule wa Nobeli ya 2004. Kumbe alishawahi kushindwa kesi, tena vibaya.

Alizaliwa 1940 Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa wa mkuyu na kijito alichochezea utotoni. Akasoma baiolojia Marekani, akarudi, na 1971 akapata udaktari wake Nairobi. Baadaye akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akina mama wakapanda miti. Hayo mnayajua, niyapite.

Twende 1989. Kampuni ya gazeti la chama tawala ilitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo mtu wa kawaida wa Nairobi anapumzika Jumapili bila kulipa hata senti. Mama akaandika barua ofisi moja baada ya nyingine, akiuliza nani ameruhusu. Novemba akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 11 Desemba Jaji Dugdale akaitupa kesi: bustani si yake binafsi, hajaonyesha madhara yake mwenyewe, na jambo la umma ni la Mwanasheria Mkuu. Yaani mlalamikie serikali kwa kupitia serikali! Bungeni akakejeliwa, na Green Belt ikafukuzwa kwenye ofisi ya serikali, ikahamia nyumbani kwake.

Mnara haukujengwa, ila ni kwa sababu kelele zilifika nje na wafadhili wakajitoa. Wenzangu darasani wanasema alikosea kumshtaki kampuni badala ya serikali. Nadhani angepewa jibu lilelile tu.

Kenya ilibadili sheria 1999. Asiyedhurika yeye binafsi naye akaruhusiwa kushtaki. Sisi tukafuata 2004, mwaka uleule wa Nobeli yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kifungu cha 5, inampa kila mtu haki hiyo, na tathmini ya athari kwa mazingira inatakiwa kufanywa kabla ya mradi. Alifariki Septemba 2011, hakuiona hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Juni 2014, iliyoizuia serikali yetu kupitisha lami Serengeti kaskazini. Waliofungua kesi walikuwa shirika la Kenya.

Nayaandika haya kwa sababu ya chemchemi ya bibi yangu, huko juu milimani. Ofisi moja ya umma ilipanua barabara, udongo ukamwagwa bondeni, na maji sasa yanatoka kama tope. Wazee walipoomba kuona ripoti ya tathmini wakaambiwa haiwahusu. Niliposikia neno hilo nikamkumbuka Jaji Dugdale.

Likizo nikaandika barua ya kuomba ripoti. Bibi akauliza huyo mama ninayemtaja kila siku alishinda au vipi. Nikamwambia mahakamani alishindwa, mnara haukujengwa. Akanyamaza kidogo, akaomba wino, akaweka dole gumba. Wa kwanza. Mpaka naondoka walikuwa kumi na wanne, na mwenyekiti wa kitongoji bado anafikiria.